Matawi Niliyoyaondoa

Karatasi ya mwisho ya mtihani iliisha saa nne na nusu asubuhi. Kufikia saa tano nilikuwa nimefunga sanduku, nimelifungua, nimelifunga tena. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama yangu, anayeuza nguo pale Chepseon, husema nilizaliwa nikiwa nimesimama. Lakini siku ile haikuwa tabia tu. Kulikuwa na jambo nililopaswa kuliambia darasa letu kabla hatujatawanyika, na nilikuwa nimelikwepa kwa zaidi ya mwaka.

Shuleni kwetu kuna desturi. Kidato cha nne wakimaliza mtihani hawakimbilii lango. Huketi kwenye madawati yao mara ya mwisho, bila mwalimu, na kila mmoja huenda mbele kusema kitu kimoja anachoondoka nacho. Huanza walio karibu na mlango, wakamalizia wa nyuma dirishani. Mimi nilikuwa wa nyuma dirishani. Mbele yangu kulikuwa na watu arobaini, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kila siku.

Walisimulia vizuri, siwezi kukataa. Mmoja aliruka ua kwenda sokoni Sosiot kutafuta chapati, akamkuta naibu wa mwalimu mkuu kwenye meza ya karibu akila zile zile. Mwingine alikumbuka maji ya kuoga ya mwezi wa saba, yale baridi ya kukutoa roho. Tulipiga makofi ya kilo, yale ya mdundo mmoja, tukacheka hadi madirisha yakatetemeka. Nami nilikuwa nazidi kukasirika. Miaka minne tulilalamika kuhusu kila kitu, na sasa kila kitu kimepakwa asali kwa asubuhi moja. Nikawaza, watu hawa ni waongo. Halafu nikakumbuka mwongo wa darasa lile alikuwa nani.

Shule ina shamba dogo la chai nyuma ya bweni la wavulana, na kila mwaka hutunzwa na kidato cha tatu. Sisi lilitufikia likiwa limerefuka, likitaka kupogoliwa, au kupruniwa kama tulivyosema sote. Kazi hiyo iliongozwa na mwenzetu mmoja ambaye baba yake ndiye huitwa na wakulima wengi wa upande wa Sosiot chai yao ikifika wakati wa kukatwa. Tangu kidato cha kwanza kijana huyo alikuwa akisema atasomea kilimo cha chai. Alitupanga mistari, akatuonyesha kimo cha kukata, akatuagiza kila tawi linaloanguka lilazwe juu ya kisiki chake na lisiguswe. Mimi sikusikia hilo la mwisho. Nilikuwa kiranja wa usafi, na macho yangu yalikuwa yakihesabu takataka.

Wiki iliyofuata shule ilifungwa kwa likizo ya Agosti. Viranja tulibaki siku mbili kwa sababu bodi ya shule ilikuwa inakuja kutembelea, na mwalimu mkuu alitaka kila mahali pang'ae. Nilitazama lile shamba likiwa limejaa matawi yaliyotupwa ovyo, kama nilivyoyaona mimi, mtoto wa duka. Nikayaburuta yote, mstari kwa mstari, nikayarundika nyuma ya jikoni. Visiki vikabaki uchi, vimepangika vizuri kabisa. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya wageni, nikaenda nyumbani kifua mbele.

Agosti ile mvua yetu ya kila alasiri ilikataa kuja. Niliporudi siku moja kabla ya shule kufunguliwa, mpishi wa shule alikuwa amesimama mbele ya rundo langu, mkono kiunoni. Aliniuliza ni nani aliyeivua chai nguo. Akanieleza kwamba chai ikikatwa hufunikwa na matawi yake yenyewe, la sivyo jua huchoma gome na kisiki kikafa. Alipoingia jikoni niliyarudisha matawi, sasa yakiwa makavu, nikayalaza moja moja pale pale. Wenzangu walipofika kesho yake walikuta kila kitu kama walivyokiacha.

Mwezi wa kumi nusu ya visiki havikuwa vimechipua. Mwalimu wa kilimo alikagua, akaona matawi yapo mahali pake, akaamua kwamba kijana yule aliyetuongoza alikuwa amekata chini mno. Baba yake aliitwa. Nilimwona mzee yule amesimama nje ya ofisi, kofia mkononi, mtu ambaye kazi yake yote ni kukata chai ya watu, akielezwa kwamba mwanawe ameua chai ya shule. Mpishi alikuwa ameshahamia shule nyingine. Ningeweza kusema siku ile. Niliogopa kuvuliwa ukiranja. Hiyo ndiyo sababu yote, na hata nikitafuta nyingine kubwa zaidi siipati.

Kijana hakulia wala hakubishana. Aliacha tu kuzungumza habari za chai. Nami nilijiliwaza kwamba angalau yeye mwenyewe anajua hakukosea.

Zamu yake ilifika katikati ya safu ya tatu. Akaenda mbele, mikono mfukoni, akitabasamu.

"Mimi naondoka na kitu kimoja," alisema. "Nilikuja hapa nikidhani najua chai. Nikajua sijui. Ni afadhali nimejua mapema, kabla sijaenda kuua ya mtu mwingine."

Darasa lilicheka kwa upole, likampigia makofi. Masikio yangu yalikuwa moto. Kumbe hakujua. Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameamini kwamba mikono yake ndiyo mibaya.

Sikungoja zamu. Dawati langu lilipiga kelele sakafuni nikiinuka, na watu wakanicheka, wakasema kiranja hata leo hawezi kutulia. Nilifika mbele kabla hajarudi kuketi. Nilieleza yote, haraka, bila kupumua vizuri: bodi, rundo nyuma ya jikoni, mpishi, na jinsi nilivyoyarudisha. Kicheko kiliisha kidogo kidogo kuanzia safu ya mbele. Msichana mmoja alisema jina la Mungu kwa sauti ndogo.

Kijana yule alinitazama kama mtu anayepiga hesabu.

"Yalikaa nje siku ngapi?"

"Wiki tatu na siku moja."

"Na kulikuwa na jua."

"Kila siku."

Alitikisa kichwa polepole. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Alichukua begi lake, akaniambia, "Mimi sio wa kuambiwa. Twende uambie mzee wangu."

Tulitembea karibu saa nzima. Yeye alitangulia, mimi nyuma na sanduku langu likinigonga goti, kwa sababu hakujitolea kunibebea na sikuthubutu kumwomba. Tulipita soko la Sosiot bila kusimama. Njiani nilipanga maneno ya heshima, nikayapangua, nikajiambia hata nikipanda pikipiki ya boda nikaenda zangu Chepseon hakuna atakayenikimbiza. Nilimfuata hivyo hivyo.

Mzee alikuwa kwenye chai yake, kikapu mgongoni, akichuma. Mwanawe alimwamkia, kisha akasema huyu ana maneno. Mimi nikasema shikamoo, nikaeleza kwa mara ya pili siku ile. Mzee aliendelea kuchuma nikizungumza, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hata nikadhani hasikii. Nilipofika kwenye kuyarudisha matawi, mikono yake ilisimama.

Aliniuliza nilikuwa na miaka mingapi wakati huo. Nikasema kumi na sita. Akaniambia nimefanya vizuri kuja, kwa sauti ya mtu ambaye mawazo yake yako mahali pengine. Nikamwomba msamaha. Akaupokea kwa kuinua kiganja tu, kama vile nilikuwa nimemkanyaga kidogo sokoni. Alikuwa akimtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama kwenye njia katikati ya mistari, begi bado begani.

"Jioni ile nilipotoka kuitwa shuleni, uliniambia hukukata chini," mzee alisema. "Nikasema usiniongezee uongo. Ukaniambia tena."

"Ndiyo, Baba."

"Mara ya tatu nikakuambia ukikubali kosa nitakusamehe."

Kijana alikuwa anatazama viatu vyake vya shule.

"Ukakubali," mzee alisema. Aliteremsha kikapu polepole, akakiweka chini. "Na mimi nikakusamehe. Nilikusamehe nini, sasa?"