Nilimripoti Mume Wangu kwa Chifu kwa Sababu ya Molasi

Admin, ficha jina langu na usiweke picha, maana watu wa Nyeri na Karatina wamejaa kwenye hii page. Majina mengine nimebadilisha.

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na tunaishi Gatitu. Mume wangu nitamwita Baba Shiro. Ni fundi wa redio na simu, mtu mpole, halewi, na kanisani hakosi. Mwenye shida ni mimi. Tangu utotoni siamini mtu haraka. Mtu akicheka na simu, lazima nijue anacheka na nani.

Mwaka jana alianza kwenda kila Jumamosi kwenye shamba waliloachiwa na baba yao, upande wa Karatina. Nusu ni yake, nusu ni ya kaka yake, nitamwita Muriithi, ambaye anaishi huko na mama yao na siku nyingi alitaka lote lipandwe avocado. Nikimuuliza anaenda kufanya nini, ananiambia anatengeneza ua. Ua gani unatengenezwa miezi minane? Alikuwa anarudi na udongo mwekundu kwenye viatu na nguo zinanuka molasi. Sisi tuna ng'ombe mmoja tu, na molasi yake nanunua mimi mwenyewe.

Mnajua molasi hulishwa ng'ombe, lakini mnajua pia wapika chang'aa huitumia. Baba yangu alipofushwa na pombe ya aina hiyo, akafa nikiwa kidato cha pili. Kwa hiyo nikinusa ile harufu kwenye shati la mume wangu, nilikuwa namwona baba yangu. Nilianza kunusa kila nguo kabla ya kufua. Nilipekua mifuko, nikapekua simu. Sikupata mwanamke, sikupata chochote, na hiyo ndiyo ilinitia wasiwasi zaidi.

Jumatano moja akiwa kazini nilienda huko bila kumwambia mtu. Nilichungulia juu ya ua nikaona mapipa matatu, mitungi ya molasi, na nyuki kila mahali. Udongo ulikuwa umeshindiliwa ukawa mgumu, mweusi, unang'aa, na juu yake kulikuwa na vilima vidogo. Nilivihesabu, vilikuwa saba. Huku kwetu kila mtu anajua wapika pombe huzika ardhini mapipa ya kangara, ule mchanganyiko unaochachushwa kabla ya kupikwa chang'aa, ili yasionekane. Ningemuuliza mume wangu jioni hiyo, leo nisingekuwa nawaandikia. Badala yake nilimpigia simu chifu wa huko, nikamwambia kuna pombe inapikwa, na nikamwomba asiseme ni nani amemwambia.

Jumamosi chifu alifika na askari. Walimkuta Baba Shiro na wanaume watano, watu wazima wenye familia zao, wengine wametoka Nanyuki, kila mmoja ameshika rimoti. Walikuwa wanashindanisha magari madogo ya kuchezea yenye magurudumu makubwa. Chifu hakuamini. Aliagiza vile vilima vichimbwe vyote saba. Ndani walipata udongo. Molasi yote ilimwagwa, na uwanja ukabaki mashimo.

Alirudi nyumbani akaniambia yote kwa mara ya kwanza. Kumbe yale magari huruka kwenye vilima, na kwenye udongo mlegevu yanateleza na kutimua vumbi. Kwa hiyo walichanganya udongo wa mfinyanzi na murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, wakamwagia maji ya molasi na kushindilia, wiki baada ya wiki, mpaka ukashikana kabisa.

"Niliogopa utanicheka, ati mzee mzima na toy," aliniambia. "Nilikuwa nataka nikuite siku uwanja umeisha, ukuje uone kitu nimejenga."

Alilia. Mimi pia nililia, na akadhani ninamhurumia.

Halafu akaniuliza ni nani anaweza kumfanyia hivyo. Nikamjibu haraka, Mungu anisamehe, "Si unajua mwenye alikuwa anataka hiyo shamba apande avocado."

Tangu siku hiyo haongei na Muriithi. Amesema hata akifa, Muriithi asifike kwenye mazishi yake. Mama yao ana presha na siku hizi hali chakula vizuri. Ameita kikao Jumapili hii baada ya kanisa, kila mtu aseme ukweli mbele yake.

Jana Muriithi alikuja kwenye kibanda changu cha mboga. Hakununua kitu. Alisimama tu, akashika nyanya, akairudisha.

"Mama Shiro, chifu tulisoma na yeye," alisema. "Alinionyesha namba iliyompigia, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia siijui."

Nilianza kupanga nyanya upya.

"Jumapili nitasema ni mimi, mama apumzike. Wewe kaa na bwana yako."

"Na unataka nini?" nikamuuliza.

"Sitaki kitu."

Wapendwa, hilo neno ndilo linanimaliza. Mtu asiyetaka kitu ni yupi? Labda anataka lile shamba. Labda anataka niwe chini yake maisha yangu yote, kila Krismasi ananiangalia tu na mimi nanyamaza. Au labda ni mtu mzuri tu, na mimi sina macho ya kumwona mtu mzuri. Hiyo ya mwisho inaniuma kuliko zote.

Nikisema ukweli, Baba Shiro atajua kwamba miaka kumi na mbili ya ndoa haikutosha mimi kumwamini, na kwamba nilimwachia kaka yake lawama yangu. Nikinyamaza, ndugu wawili hawatazikana.

Leo ni Ijumaa. Baba Shiro ameniuliza kwa nini sili, nikamwambia ni tumbo. Ameacha kazi ya leo, amepanda matatu kwenda mjini kunitafutia dawa. Nishaurini nifanye nini, na tafadhali nijibuni kabla hajarudi.