Ng'ombe wa Miguu Miwili

Hii stori siipendi. Mke wangu akianza kuisimulia mbele ya wageni mimi hukumbuka ghafla kuna kuku sijafungia, kwa hivyo wacha niitoe mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Karurumo, na Mjapani mmoja wa kujitolea tuliyefundisha naye aliporudi kwao aliniachia nakala ya mchoro wa kale wa nchi yake, ng'ombe wa wino mweusi aliyechorwa na mtawa zaidi ya miaka mia tano iliyopita: pembe, mgongo, miguu miwili, basi, karatasi iliyobaki nyeupe tupu. Niliupenda mno. Sasa siku ya kwenda Kianjokoma kwa kina Wanjira, huyu mke wangu, kuongea mahari, nikawaza, blanketi kila mtu hupeleka, mimi nitampelekea baba yake kitu cha msomi.

"Peleka blanketi kama watu," akasema baba mdogo Njeru, msemaji wetu. Nikaliacha kitandani.

Kule sikutulia. Nilivuta soksi, nikachungulia dirishani, nikavuta soksi tena (kwetu siku hiyo anayeoa hafungui mdomo, anasemewa), wazee nao wakinywa uji polepole kama hawana kwao, na baba mdogo alipotaja tu neno ng'ombe, nikaruka nikaukunjua mchoro mezani.

Baba Wanjira akavaa miwani. "Hii ndio ng'ombe mumeleta?"

Nilitaka kusema ni zawadi tu. Nikasema, "Ndio, mzee."

"Iko na miguu mbili."

"Hizo zingine ziko kwa ukungu, mzee," nikajibu, maana Mjapani alinieleza hivyo. "Unaziona na roho."

Akina mama wakaangua kicheko. Baba mdogo akashika kichwa. Mzee akaukunja ule mchoro taratibu, akauweka kwapani.

"Sawa, mwalimu. Hata Wanjira sasa yuko kwa ukungu. Utakuwa ukimuona na roho."

Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa, kwa sababu yule mzee hakuwa anatania.

Miezi minane baadaye nilipita sokoni Kianjokoma mchana nikivuta ng'ombe kwa kamba, watu wakimhesabu miguu kwa sauti. Tangu hapo nikiwa na msemaji, mimi ni bubu. Mchoro bado uko ukutani kwa mkwe wangu, alikataa kuurudisha, na siku ile niliyompelekea ng'ombe alimzunguka mara mbili akihesabu, akafika mguu wa nne, ndipo akamwita Wanjira atoke nje.