Makopa ya Siku Nne

Alhamisi asubuhi sokoni Kongowea nilimkuta kijana wa chuo, anayefanya utafiti wa hesabu za kukausha vyakula kwa jua, amesimama na rula mbele ya mama muuza makopa, ile mihogo mikavu ya kusaga unga. Nami nilikuja kuongeza, maana manene kama haya niliyonunua kwake Jumatatu nimeshayatia mashineni mazima mazima, unga wa uji wa mwanangu.

"Shikamoo, mama. Haya uliyaanika siku ngapi?" akauliza kijana.

"Marahaba. Membamba huyapa siku mbili. Haya ni manene mara mbili, basi nikayapa nne. Au huko chuoni mbili mara mbili ni tano?"

Tukacheka, hata mimi. Kijana hakucheka. "Mama, maji ya ndani yana safari ndefu. Unene ukiwa mara mbili, siku huwa mara nne. Haya yalitaka nane."

"Wallahi, jua la Kisauni halijui hesabu zako!" Akakigonga kipande mezani, ko, ko, kikavu kama ubao. Kijana akaomba akivunje. Ndani kilikuwa kibichi, kimefanya ukungu mweusi kama masizi.

Mama akashika kifua. Mimi nikashika simu, nikampigia jirani aliyebaki na mtoto Mishomoroni: usimpe uji, dada, usimpe!

"Ameshamaliza kikombe," akasema, "analilia mwingine."

Zahanati wameniambia nimwangalie tu, na namwangalia mpaka macho yananiuma. Lakini kinachonitisha zaidi ni kwamba mimi nimefika kidato cha nne, hesabu nilipasi, na siku ile ningeulizwa, ningejibu siku nne.