Nyasi Mkononi mwa Bibi

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, kikundi chao cha akina mama wa Kitengela kiliporudi kutoka Pwani kilikokwenda kufundishwa mazingira kwenye hifadhi ya mikoko.

Katikati ya somo, askari wa hifadhi alimnyang'anya mama mmoja wa pale kuni zake. Bibi wa Kimaasai katika kikundi akang'oa nyasi, akaziinua juu kumwombea yule mama amani.

"Wewe bibi, hapa hakung'olewi hata jani!"

"Kwetu mtu akishika nyasi, hata mwenye rungu anatulia."

Askari akachukua kuni, na nyasi pia. Mwalimu akaendelea na somo: kushirikiana na wenyeji.

Shangazi na bibi wametangulia. Kikundini amebaki hai mmoja tu, naye amenithibitishia kwamba kuni hazikurudishwa.