Maji Yasiyoshika Moto

Emérence alihamia mtaa wetu wa Bwaise kutoka Bukavu mwaka 1998 akiwa na watoto wawili, Tresor na mdogo wake, na sufuria tatu, na kabla mwaka haujaisha chai yake ilikuwa imetuharibu sote. Ukishainywa, ya nyumbani kwako huitaki tena. Maji aliyachota kwenye chemchemi iliyo nyuma ya kibanda chake cha chai. Aliifagia mwenyewe kila asubuhi, na ole wako akukute unafulia hapo.

Jirani yake kibandani alikuwa Habibah, aliyeuza mafuta ya taa kwa kopo. Waliachiana watoto, wakaazimana chumvi, wakagombana na kupatana kama ndugu.

Kisha chai ikaanza kunuka. Harufu kali, kama ile dawa ya kulainishia rangi ya mlango, na uchungu uliobaki ulimini. Wateja wakalaumu jerikeni lake la maji. Emérence akalisugua kwa mchanga na majivu, kisha akanunua jipya, na harufu ikawa ileile. Basi tukatafuta mchawi, na hatukwenda mbali. Nani mwingine mikono yake ilinuka mafuta mchana kutwa?

Emérence ndiye aliyesema kwanza, mbele ya watu. "Mama Habibah, ni weye unanawaka mikono pale. Mayi inanuka mafuta yako."

Habibah aliapa kwamba hajawahi kunawa pale. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, tukainua mikono, akapigwa marufuku kuikaribia chemchemi. Mkono wangu ulikuwemo, nisijifanye malaika. Mwezi haukwisha, Habibah akahamia mtaa wa Nateete.

Harufu haikuhama naye. Emérence akapanda hadi kituo cha petroli kilicho juu ya mteremko kuuliza kama tangi lao linavuja. Meneja akachukua kikombe cha maji ya chemchemi, akachovya humo njiti ya kiberiti inayowaka. Njiti ikazima. "Umeona? Petroli ingewaka." Tukaridhika na jibu hilo miezi minane. Nikikumbuka natamani kujipiga makofi.

Aliyetufumbua macho ni Ondiek, Mkenya aliyefanya kazi maabara na kunywa chai hapo kila siku. Alibeba chupa ya maji kazini, na baada ya wiki mbili akarudi na majibu.

"Mama Tresor, hii si mafuta ya taa. Ni etha. Huwa inachanganywa na petroli ndio iungue vizuri. Ikivuja, petroli yenyewe inashikwa na udongo, na vijidudu vinaila. Etha inayeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Vijidudu vya kuiweza ni vichache, na vinaila polepole sana. Na iliyo kwenye maji ni kidogo, haiwezi kushika moto."

"Na sisi tumekunywa?"

"Ini linaivunja, inakuwa aina ya spiriti na formalini kidogo, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Ingine unaipumua, ingine inatoka na mkojo. Ukiacha kunywa, siku chache mwili umeimaliza."

"Na chemchemi?"

"Hata wakibadilisha tangi leo, hiyo ni miaka."

Tangi la kituo lilibadilishwa kimyakimya, bila hata pole. Mtu anakuharibia maji, halafu anakupita barabarani akikusalimia. Mpaka leo nikimwona yule meneja damu inanichemka.

Emérence hakungoja hayo. Siku moja tu baada ya majibu ya Ondiek alikwenda Nateete, akamkuta Habibah akimimina mafuta kwenye chupa ya mteja. Alimweleza yote, tangi na etha na ini, akalia, akaomba msamaha, akamwomba arudi.

Habibah alimaliza kumimina, akafuta mdomo wa chupa, akamkabidhi mteja.

"Nimekusamehe, Mama Tresor. Maji imeacha kunuka?"

"Bado."

"Sasa nitarudi namna gani? Kila mtu akinusa kikombe, ataangalia mimi."