Moto Ambao Verla Hakuuona

Miaka thelathini na moja Verla Kessler alikaa mbele ya tanuri la kiwanda chetu pale Ohio, akiyeyusha punje ya kioo ndani ya kikombe cha chuma kidogo kama ncha ya kidole. Kioo kililegea kama asali, kisha kikapoa polepole huku chuma kikikikumbatia. Baadaye mwanga wa leza ungepita kwenye kioo hicho kuwasha baruti iliyojazwa upande wa pili, nacho kioo kizuie moto usirudi nyuma. Verla aliutazama ule wekundu kama mtu aliye ndotoni. Ukimharakisha, anakufokea: "Haraka ya nini? Kakaange mayai!"

Hakuwahi kuona hata kimoja kikiwashwa. Siku aliyostaafu tukamwashia kimoja kwenye chumba cha majaribio. Ukasikika mlio mdogo, kama kidole kimegonga meza.

"Umeona?" akauliza Dwayne, msimamizi wetu.

"Nimeona nini? Hata moshi hakuna! Mmenidanganya nyie."

Dwayne akamwekea kikombe kiganjani, bado kina joto. Ndani, palipokuwa na baruti, kilikuwa cheusi tititi. Upande wa leza, uliotuelekea sisi, kioo kiling'aa, hakina hata ufa.

"Miaka yote hii hatujaona moto ukipenya kuja upande wetu, dada," akasema. "Ni kwa sababu yako wewe."