Sauti ya Tatu na Mtu wa Taa

Mpaka leo, nikisikia harufu ya hindi bichi linalochomwa, kidole gumba cha mkono wangu wa kuume kinaniwasha. Njo, yaani ndicho, kidole nilichofutia kwaya ya bamama, akina mama wa kanisa letu. Sauti zote tatu, pamoja na kikohozi cha mwalimu wao, nilizifuta kwa kugusa kioo cha simu mara moja tu, huku mkono wa pili umeshika hindi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na saba, bado nasugua dawati la shule, na haya nawaambia ninyi kwa siri. Yakimfikia Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, nitahamia misitu ya Walikale nikaishi na nyani.

Kwetu ni juu ya Karuba, kwenye kilima ambako ukungu wa asubuhi unaingia nyumbani bila hodi na kukaa karibu na moto kama mgeni. Nyumbani tulikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia: radio nyekundu ya Mama, yenye tundu la kadi ya memwari ubavuni. Ukichomeka kadi, ilisema tik, halafu ikaimba. Kitu cha pili cha kujivunia hakikuwa chetu. Ilikuwa simu ya Kaka Amani, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa akibeba mizigo kwa mgongo kule Rubaya na kurudi nyumbani kila siku ya posho, ile ambayo vitabu vinaita Jumamosi. Kioo chake kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, lakini ndani mlikuwa na emulateri.

Emulateri ni programu inayoidanganya simu ijione kuwa ni mashine ya michezo ya kitambo, ile ya kuunganisha na televizio, iliyochezwa na watu ambao leo wana vipara. Pale kilimani hakuna aliyewahi kuiona mashine yenyewe. Sisi tuliona tu vitufe vyake vimechorwa juu ya kioo, na vidole vyetu, vyenye mafuta ya hindi, viliteleza juu yake.

Kila siku ya posho, Amani akishanawa miguu, tulikaa nyuma ya jiko tukacheza. Kila mmoja alikuwa na maisha matatu. Ukifa mara tatu unamwachia mwenzako. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa mtu mdogo mwenye taa kichwani. Alikuwa na pua kubwa, miguu mifupi, na hakuwa na akili hata kidogo, maana tulimpeleka kwenye pango lile lile mwaka mzima na hakukataa. Akiingia pangoni muziki ulibadilika: unapanda ngazi tatu, unasimama pale juu kama muntu aliyesahau alichofuata, halafu unashuka polepole, polepole, mpaka unasikia baridi. Hatukuwahi kutoka upande wa pili. Popo walitula. Kutoka dirishani Mama alipiga kelele, "Munyamazishe ile kintu!" nasi tulipunguza sauti kwa dakika mbili, halafu tuliiongeza tena.

Sasa, radio. Mwaka ule alikuja mwalimu wa nyimbo kutoka Walikale, Mwalimu Bahati, mwembamba, mwenye koti refu na kikohozi kirefu zaidi. Kwa majuma mawili aliwafundisha bamama wimbo wa sikukuu ya mavuno, wenye sauti tatu. Kwa kuwa bamama wa kwetu hawasomi noti, alifanya vile wanavyofanya wote: aliimba kila sauti peke yake, akairekodi kwenye kadi ya Mama, ili wajifunze kwa kusikia. Halafu akarudi kwao msituni, mahali ambapo simu haishiki hata ukipanda mti.

Sauti ya kwanza na ya pili hazikusumbua. Bamama walizishika kabla mwalimu hajapanda pikipiki. Sauti ya tatu ilikuwa taabu. Sikio linataka iende huku, yenyewe inakwenda kule. Na mkubwa wa sauti ya tatu alikuwa Mama yangu. Mwaka uliotangulia, yeye na wenzake sita walipotea katikati ya wimbo kama mbuzi kwenye ukungu, mbele ya kanisa zima na wageni kutoka Kingi. Mama hakuenda kanisani majuma mawili yaliyofuata, akisema anaumwa jino. Na Mama Furaha alikuwa amemwambia, mbele ya wote: "Mama Shukuru, nakupatia sauti ya tatu mara moja tena. Ukiipoteza, utakuwa mama wa kupanga viti."

Basi kila magaribi Mama alimenya viazi huku radio ikirudia sauti ya tatu, tena na tena. Mimi niliwasha moto, nikasikia bila kusikiliza. Isipokuwa mahali pamoja, kwenye ubeti wa pili. Pale kwenye maneno "na mvua hukutunyima", Mwalimu Bahati alishikwa na kikohozi, na kikohozi chake kililia kama kamio, lori kuukuu linalokataa kuwaka kwenye mlima. Mama peke yake njo aliyeimba pale bila kucheka. Mimi, kila nilipokisikia, nilicheka mpaka ubeti ukaisha.

Siku ya posho ya balaa, Amani alikuja na mchezo mpya. Michezo ya kitambo kwa kawaida ni midogo, simu inaimeza kama punje ya mtama, ila huu ulikuwa wa diski, mzito, na simu iliukataa.

"Kadi ya mama yako iko na nafasi," Amani alisema.

"Iko na nyimbo ya Mungu."

"Mungu atasogea kidogo."

Nilikwenda nikaichomoa kadi kwenye radio, Mama akiwa shambani. Tulipoiingiza kwenye simu, simu iliuliza kwa Kifaransa swali la mistari mitatu. Chini yake kulikuwa na Oui na Non, ndiyo na hapana. Nawaomba munielewe. Kwa mwaka mzima simu ile iliniuliza: unataka kuanza? Oui. Unataka kuendelea? Oui. Unataka maisha mengine? Oui, tena haraka! Sikuwahi kuona swali la mchezo ambalo jibu lake ni Non. Nikabonyeza, bila kujua kwamba inauliza kama ifute kila kilichomo kwenye kadi. Mustari mdogo wa kijani ulitembea kutoka kushoto kwenda kuume, mzuri sana, nami nililing'ata hindi langu nikiutazama ukifika.

Magaribi Mama alirudi, akarudishiwa kadi kimya kimya, akaichomeka. Tik. Radio haikusema kitu. Aliitoa, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la kitenge, akairudisha. Tik. Papo hapo Amani alikumbuka kwamba mama yake anamwita. Nyumba yao iko ng'ambo ya bonde. Hata wangemwita kwa tarumbeta asingesikia.

"Mama, ni miye," nilisema.

"Ni weye njo nini?"

"Ni miye nilisema Oui."

Nilieleza. Nilingoja fimbo, maana fimbo ingekuwa na mwisho wake. Hakuchukua fimbo. Alikaa juu ya gunia la viazi, kisu mkononi, akaitazama radio kama unavyomtazama muntu aliyelala usingizi usio wa kawaida.

"Shukuru. Imebakia posho tatu. Mwalimu iko mu pori. Nitawaambia bale bamama nini?"

Nilikuwa naujua mchezo: kabla ya popo unahifadhi ulipofika, ukifa unarudi pale. Nilitafuta kichwani mahali pa kurudia, na hapo, naapa, nikaisikia. Yote.

"Mama, naijua."

"Unajua nini?"

"Sauti ya tatu. Uliipiga kila magaribi. Hata kuku banaijua."

"Imba."

Nikaimba. Sauti yangu ilikuwa bado haijavunjika, nyembamba kama ya kinda. Ubeti wa kwanza ulipoisha, Mama aliinuka, akaichomoa ile kadi, akaifunga fundo kwenye pindo la kitenge chake. Mchezo wa diski ulibaki humo. Mpaka leo sijui unahusu nini.

Kwenye repetisyo, mazoezi ya kwaya, Mama hakusema uongo. Alisema tu, "Radio haiseme tena. Lakini mutoto anajua." Mama Furaha aliniangalia kama muntu anayeuziwa kuku kwa bei ya mbuzi. Walinisimamisha juu ya benchi, mbele ya bamama saba wa sauti ya tatu, na siku za posho zote zilizobaki, saa ya mchezo, nikawa mimi njo radio. "Rudia!" Nilirudia. "Panda kidogo!" Nilipanda. Nje, Amani aliegemea dirisha na simu yake mkononi, akininong'oneza: "Mama Shukuru mudogo! Kilemba chako kiko wapi?"

Na siku ile ya kwanza, kwenye ubeti wa pili, nilifika kwenye "na mvua hukutunyima". Kichwani mlikuwa na kikohozi tu. Chini ya kikohozi, shimo. Bamama saba walinikodolea macho, vinywa wazi, tayari kumeza chochote. Nami nikawapa nilichokuwa nacho. Nilipanda ngazi tatu, nikasimama pale juu, halafu nikashuka polepole, polepole. Niliwapeleka bamama wa kwaya ndani ya pango.

"Ee!" alisema mmoja wao. "Hapa pazuri. Rudia."

Mama aliniangalia kwa muda mrefu. Nilifikiri ananisifu. Halafu akafungua kinywa, akaimba pango na wenzake.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka madirishani. Viazi na kabeji vilipangwa mbele kama ukuta. Kwaya ya Rubaya ilikuja na kinanda na suti za rangi moja. Ya Kingi na ngoma tatu. Sisi tulikuja na koo zetu. Nilikaa kwenye benchi la pili nikijidai, mpaka nilipomwona, mbele kabisa, karibu na mchungaji, muntu mwembamba mwenye koti refu. Mwalimu Bahati alikuwa amesafiri siku mbili kuja kusikia wimbo wake. Muntu mmoja tu duniani alijua wimbo ule unakwenda wapi, na yeye njo huyo, amekunja mikono, anatabasamu.

Bamama walianza. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Mwalimu alitikisa kichwa kwa raha. Ubeti wa pili. Niliomba ashikwe na kikohozi. Hakushikwa. "Na mvua..." sauti ya tatu ilipanda ngazi tatu, ikasimama, na kanisa zima likasimama nayo; hata mtoto aliyekuwa akilia nyuma alinyamaza. Halafu ilishuka, sauti saba za bamama waliozeekea shambani, nzito, pamoja, hakuna aliyepotea. Nilisahau kuogopa. Mchungaji alifumba macho. Mlangoni Amani alikuwa ameng'ata kofia yake, mabega yanamruka, kisha akatoka nje na kuangukia kwenye majani. Mwalimu Bahati peke yake aligeuza kichwa, kama ng'ombe aliyesikia jina lake likiitwa vibaya.

Baada ya ibada tulikuwa tunakula, naye akaja moja kwa moja kwa Mama. Nilijificha nyuma ya sufuria ya maharagwe.

"Mama Shukuru, ile pahali ya mvua... Ni miye njo nilitunga vile?"

"Njo weye, Mwalimu."

"Ile ya kushuka-shuka?"

"Siku ile ulikuwa na kikohozi. Labda ulisahau."

Alikuna kidevu. Alitazama mbingu. "Aa, kikohozi. Kweli," alisema, na uso wake ukaanza kung'aa kama wa muntu aliyeokota kitu chake mwenyewe njiani. Alitoa daftari, akamwomba Mama arudie, akaandika. Hivi leo, kule Walikale, kuna makanisa yanayomshukuru Mungu kwa wimbo wa popo. Mama Furaha naye alikuja na sahani yake na kusema kwa sauti ya wote kusikia, "Sauti ya tatu iko na mwenyewe." Kuhusu viti hakusema tena.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu, Mama mbele amebeba viatu vyake mkononi, mimi nyuma. Njiani alianza kuimba bila maneno. Alipanda ngazi tatu, akasimama, akashuka. Halafu aliendelea. Aliimba na kipande ambacho sikuwafundisha bamama, kile kifupi cha kuchekesha kinacholia mtu wa taa akishaliwa na popo. Aliimba vizuri kabisa, mpaka lile "piu" la mwisho.

Nilisimama njiani kama nguzo.

Sikuelewa yote siku ile. Nilielewa tu kwamba nimekamatwa. Baadaye, sauti yangu ilipokwisha kuvunjika na bamama hawanihitaji tena, njo nilipoyapanga. Kwamba zile siku za posho, alipokuwa akipiga kelele dirishani, alikuwa pia anasikiliza. Kwamba ubeti ule aliujua tayari kama ulivyorekodiwa, maana yeye hakuwahi kucheka kikohozi, ingawa bila radio hakujiamini kuufundisha, na kwa neno moja tu angeweza kunisahihisha mbele ya bamama wote, nikashuka kwenye benchi kama mwongo. Badala yake aliingia pangoni na mimi, na jina lake kwenye kwaya akaliweka hatarini pamoja nami. Mimi na Amani bado tunacheza kila siku ya posho. Simu ni nyingine, popo ni wale wale, na siku hizi tuko watatu.

Siku ile, nilipokuwa bado nimesimama njiani, Mama hakugeuka. Aligusa fundo la kitenge chake kuhakikisha kadi ingalimo, akasema:

"Yule mutu wako wa taa, mpaka leo hajatoka tu mu ile shimo? Posho inakuja utanipatia maisha tatu, na miye nijaribu. Lakini kadi yangu usiiguse."